Kabla ya Kuhesabu Miji



Wengi wenu mna ndugu walio Ulaya, na baadhi yenu mmekwisha kuombwa kusaidia kupanga ziara ya mzazi anayekwenda kuwaona. Sisi tunaoandika maneno haya ni wajukuu wa mama mmoja: wengine tunaishi hapa Lubumbashi, wengine Brussels. Kwa muda wa miezi mitano tulipanga, kwa simu, safari ya nkambo wetu huko Ulaya, kwa treni na kwa gari. Kwanza tulikosea, kisha tukasahihisha. Kutokana na hayo tumefikia wazo moja ambalo tungependa mlipime katika vikundi vyenu, nalo ni hili: safari ya familia haifai kupangwa kwa kuhesabu miji. Inafaa kuanza kwa kumwuliza kila msafiri anakwenda kutafuta nini, na wa kwanza kuulizwa awe yule atembeaye polepole kuliko wote.

Tueleze kwanza hali yetu ilivyokuwa. Wasafiri walikuwa sita: nkambo mwenyewe, mwenye miaka 74, mama mdogo wetu anayeishi Brussels, pamoja na mume wake, watoto wao wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 9, na ndugu yetu mmoja kutoka Lubumbashi, aliyetumwa kumsindikiza mzee. Siku zilikuwa 14, kwa kuwa ndizo siku za likizo walizopewa mama mdogo na baba mdogo kazini kwao. Fedha zilikuwa zimechangwa na watu wengi, kidogo kidogo. Na kwa sababu zilichangwa na wengi, kila mmoja alijiona ana haki ya kuongeza mji wake.

Basi tulifungua ramani, tukaandika: Brussels, Amsterdam, Köln, Paris, London, Lourdes, Milano, Roma. Miji minane. Tulipoisoma orodha hiyo tulijisikia watu wakubwa. Tulikwisha kuziona picha moyoni: nkambo mbele ya mnara wa Paris, nkambo juu ya daraja la Amsterdam, nkambo katika uwanja wa Mtakatifu Petro.

London ndio mji wa kwanza uliofutwa, wala haikuwa kwa hekima yetu. Viza ya Schengen humruhusu mtu kuingia katika nchi 29, lakini Uingereza haimo. Ina viza yake yenyewe. Tena viza ya nkambo ilikuwa ya kuingia mara moja tu: angetoka katika nchi hizo 29, asingeweza kurudi Brussels. Liangalieni vema jambo hilo, kwa maana huwanasa wengi. Treni ya Brussels hufika London kwa muda wa saa mbili hivi, na mtu aweza kudhani kwamba anakwenda kumsalimu jirani. Kumbukeni pia kwamba ombi la viza hupelekwa kwa nchi ambamo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Kwetu sisi nchi hiyo ilikuwa Ubelgiji. Mwombaji mtu mzima hulipa ada ya euro 90, na huonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30 000. Kwa hiyo ratiba ya safari ni sehemu ya neno analolitoa msafiri mbele ya wakubwa wa ubalozi, na haifai kuandikwa kwa mzaha.

Ilibaki miji saba. Hapo baba mdogo, ambaye ni mtu wa hesabu, alituomba tuandike saa mahali pa majina. Brussels hadi Amsterdam ni kama saa mbili. Köln hadi Paris ni zaidi ya saa tatu. Paris hadi Lourdes ni karibu saa tano, tena kutoka kituo kingine: treni za Brussels huingia Paris katika kituo cha Nord, upande wa kaskazini, na zile za Lourdes huondoka Montparnasse, upande wa kusini. Kati ya vituo hivyo viwili kuna mji mzima wa kuvuka, pamoja na watoto na valizi. Kutoka Lourdes hadi Milano hakuna treni ya moja kwa moja. Ni siku nzima, na pengine zaidi. Milano hadi Roma ni saa tatu. Kutoka Roma hadi Brussels, siku nyingine nzima.

Tena saa mbili za treni hula nusu siku. Mtu huamka, hufunga mizigo, hurudisha ufunguo, huwahi kituoni, hungoja, husafiri, hushuka, hutafuta nyumba ya kulala, na kukuta kwamba haifunguliwi mpaka alasiri. Tulipojumlisha yote tuliona kwamba siku tano kati ya zile 14 zingeishia vituoni na vitini. Tukiondoa siku ya kufika kwa ndege na siku ya kuondoka, zilibaki siku saba kwa miji saba. Siku moja kwa kila mji, kwa mama wa miaka 74 ambaye magoti yake humuuma akipanda ngazi tano!

Hata hivyo hatukubadilisha kitu. Tulisema: “Atapumzika akirudi.” Siku ya Dominika tulikwenda kwake Katuba kumsomea ratiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, akasema tumefanya kazi nyingi. Kisha akauliza: “Na mtoto wangu, amelala katika mji gani kati ya hiyo?”

Hatukuwa na jibu. Mjomba wetu, mwana wake wa pili, alifariki Ubelgiji mwaka 2009. Alikuwa muuguzi katika kijiji kimoja cha milima ya Ardennes, na huko ndiko alikozikwa. Nkambo hakuweza kusafiri wakati ule. Alipata picha tu, na udongo kidogo ndani ya bahasha. Katika miji yetu minane kijiji hicho hakikuwamo. Hatukumsahau mjomba kwa ubaya. Tulimsahau kwa sababu kijiji chake hakina kituo cha treni, wala si mahali ambapo watu hupiga picha za kutumiana. Tulikuwa tumeitazama ramani kwa makini, na mzee aliyeketi mbele yetu hatukumuuliza neno hata moja.

Siku hiyo tulianza upya. Safari hii tulimwuliza kila mtu kitu kimoja tu. Nkambo alitaka kaburi. Mama mdogo alitaka kuketi na mama yake bila kuangalia saa. Baba mdogo aliomba asiendeshe gari siku mbili mfululizo. Ndugu yetu alitaka kuiona Paris. Mtoto wa miaka 9, ambaye alikuwa amelisoma neno “Schengen” katika pasipoti ya nkambo, alitaka kujua ni mahali gani. Na yule mdogo alitaka kulala chumba kimoja na nkambo. Angalieni: hakuna aliyetaka miji minane. Ile orodha ndefu ilikuwa yetu sote pamoja, na haikuwa ya mtu yeyote kati yetu.

Ratiba ya pili ilikuwa na mahali patatu pa kulala: Brussels kwa mama mdogo usiku saba, tano mwanzoni na mbili mwishoni, Ardennes usiku nne, katika nyumba ya kupanga yenye jiko, na Köln usiku mbili. Usiku 13, siku 14. Kutoka katika mahali hapo patatu, mwenye nguvu aliweza kwenda na kurudi siku ile ile, na mwenye kuchoka aliweza kubaki bila kumharibia mtu mwingine siku yake.

Vijana wengi hutuuliza ni lipi bora, treni au gari. Jibu letu ni kwamba kila kimoja kina mahali pake. Treni ni kwa kwenda kati ya mji mkubwa na mji mkubwa. Humfikisha msafiri katikati ya mji, na mzee aweza kusimama, kunyosha miguu na kwenda chooni bila kumwomba dereva. Gari katika miji hiyo ni mzigo: maegesho ni ghali, na baadhi ya miji huzuia magari ya zamani, au hudai yaandikishwe kwanza. Lakini vijijini, ambako basi hupita mara chache, bila gari hufiki popote. Barabara kuu za Ubelgiji, Ujerumani na Luksemburg hazitozi ushuru kwa magari madogo. Nyingi za Ufaransa hutoza.

Tuliona pia ugumu ambao hatukuutazamia: watu sita, gari la viti vitano. Gari la viti saba lingewachukua wote, lakini viti vya nyuma vikikaliwa, valizi hazina mahali. Tena sheria ya Ubelgiji hutaka mtoto asiyefikia sentimita 135 akae katika kiti chake maalumu, na Ujerumani hutaka hivyo mpaka sentimita 150 au miaka 12. Tulipima kiti cha nyuma kwa utepe wa fundi cherehani. Mwishowe baba mdogo, ndugu yetu na mtoto mkubwa walitangulia kwa gari pamoja na mizigo yote. Nkambo, mama mdogo na yule mdogo walipanda treni mpaka Libramont, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Brussels, mikono mitupu, na gari likawapokea hapo.

Mikono mitupu, tunasema, isipokuwa chakula. Nkambo ni mke wa mfanyakazi wa reli. Alizaa watoto wake karibu na njia ya reli ambayo ilifika mji huu mwaka 1910, na yeye safari ya treni anaijua kuwa ni ya siku, si ya saa. Alipika kuku, akachemsha mayai, akafunga mikate, akajaza chupa tatu za maji. Mama mdogo alipomwambia kwamba watafika kabla ya chakula cha mchana, alijibu: “Wanasema hivyo sikuzote.” Mayai yaliliwa kwa furaha, na mama mmoja Mbelgiji aliyeketi mbele yao alipata la kwake.

Kuhusu tiketi, jueni kwamba kuna pasi za treni za kuzunguka nchi nyingi: Interrail kwa wakazi wa Ulaya, na Eurail kwa wanaotoka nje. Katika familia moja, basi, mwenye kuishi Brussels na mwenye kutoka Lubumbashi hawanunui pasi ya jina moja. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 husafiri bure akiwa na mtu mzima mwenye pasi, lakini treni nyingi za mwendo wa kasi hudai malipo mengine ya nafasi. Kwetu, kwa kuwa safari zilikuwa chache, tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema zilitugharimu kidogo zaidi. Tena, msaada wa kumpandisha na kumshusha mzee hutolewa vituoni bila malipo, mradi uombwe angalau siku moja kabla. Mzee hataomba. Ni kazi ya vijana kuomba kwa niaba yake.

Nkambo alikaa kaburini asubuhi nzima ya kwanza. Alileta kitambaa akafuta jiwe, akang'oa majani, akawasimulia watoto jinsi mjomba wao alivyokuwa akiiba sukari. Hayo mengine ni yake. Tunalotaka mlifahamu ni hili: jioni, wakati wa chakula, alisema kwa sauti ndogo kwamba angependa kurudi kesho. Tukaweza kumjibu ndiyo. Tulikuwa na usiku nne mahali hapo, wala hapakuwa na tiketi ya asubuhi iliyokuwa ikitungojea. Kama tungeshika ratiba ya kwanza, na hata kama tungekipachika kijiji hicho kati ya Köln na Paris, tungelazimika kumwambia mama huyo: “Haiwezekani, treni inaondoka.” Alirudi mara tatu.

Siku mojawapo baba mdogo aliwapeleka yeye, mama mdogo na watoto mpaka Schengen. Ndugu yetu alibaki nyumbani kwa hiari yake. Kutoka Ardennes ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Ni kijiji kidogo cha Luksemburg kando ya mto Moselle, chenye mashamba ya mizabibu. Hapo, ndani ya meli mtoni, wajumbe wa nchi tano walitia sahihi mapatano tarehe 14 Juni 1985. Nkambo aliteremka, akatazama huku na huku, akacheka mpaka akashika kiuno. Neno lililotukosesha usingizi miezi mingi, kwa karatasi, mihuri na alama za vidole, kumbe ni kijiji! Wakati wa kurudi waliacha gari pembeni ya mji mkuu wa Luksemburg, wakapanda tramu bila tiketi, kwa maana tangu mwaka 2020 nchi hiyo haiwatozi abiria wa treni, basi wala tramu.

Köln ni saa mbili kasoro kwa treni kutoka Brussels, na kanisa kuu lake limesimama mlangoni pa kituo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1248, ukamalizika mwaka 1880. Ndugu yetu na mtoto mkubwa walipanda ngazi 533 za mnara. Nkambo aliketi chini, katika ubaridi wa kanisa, naye hakukosa kitu alichokihitaji. Paris nayo haikuachwa: ndugu yetu na baba mdogo walikwenda asubuhi na kurudi usiku, kwa kuwa treni hutumia muda usiofika saa moja na nusu. Familia kusafiri pamoja hakudai wote waone vitu vyote pamoja.

Mahali pa mwisho tuliongeza sisi wenyewe. Kutoka Brussels tramu namba 44 hupita katika msitu mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa huko kuonyeshwa kwa watu katika maonyesho. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Nkambo aliwauliza majina yao, akayasikiliza moja moja. Kisha akauliza kama mama zao walipata habari.

Tunajua mtakavyotupinga, maana tulipingana hivyo hivyo sisi kwa sisi. Mtasema: viza ni ngumu, fedha hazitapatikana tena, mzee hatarudi huko, basi aone yote mara moja. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Roma haikuonekana, na ndugu yetu angali anasikitika. Lourdes haikuonekana, na wako waliochanga fedha zao kwa ajili ya Lourdes. Tuliona haya kuwaambia. Nkambo mwenyewe ndiye aliyewaambia, kwa maneno haya: “Mama Maria ananisikia hata nikiwa Katuba. Mwanangu ndiye alikuwa mbali.” Lakini kwa sababu hiyo hiyo kwamba safari haitarudiwa, twaona haifai kuitumia kwa kukimbia. Kitu kitakachofanyika mara moja tu katika maisha kinastahili kupewa muda. Mtu aliyepitishwa katika miji minane akiwa amechoka hurudi na picha nane, na kesho yake hawezi kusema ni ipi ya wapi.

Basi, ndugu vijana, mkiombwa kupanga safari ya familia, iwe ya Ulaya, iwe ya kwenda Likasi kwa arusi, tunawashauri haya. Ulizeni kabla ya kuandika, na aulizwe hata mtoto. Andikeni saa kando ya kila jina la mji, tangu mlango wa nyumba moja mpaka mlango wa nyumba nyingine. Chagueni mahali pachache pa kulala. Acheni siku moja bila kazi, kwa ajili ya ombi ambalo bado halijasemwa. Na mkisha kumaliza, someni ratiba mbele ya mzee, halafu mnyamaze kwa muda, ili apate nafasi ya kuuliza. Nkambo wetu alikuwa na swali hilo tangu mwanzo. Miezi miwili tulizungumza juu ya safari yake, na siku hiyo ya Katuba ndiyo ya kwanza tuliyonyamaza akiwa mbele yetu.